Homa ya Kimputu Haipandi Baiskeli

Ninyi vijana wa laboratwari mmeniomba niwasimulie habari za kazi, tena mmenipa kiti chenye mto. Mzee akipewa kiti chenye mto hanyamazi upesi, kwa hiyo shauri yenu.

Naona siku hizi mnatia tone la damu kwenye kifaa kidogo, mnazungumza kidogo, mstari unatokea, kazi imekwisha. Siwacheki. Ningekuwa na kifaa kile ujana wangu macho yangu yangekuwa mazima mpaka leo. Lakini nataka mjue tulikotoka, maana mstari ule hauwaambii mgonjwa amekuja vipi, amelala wapi, wala nani alimtandikia. Hayo lazima muulize wenyewe kwa mdomo, na hata mimi nilijifunza kuuliza kwa machungu.

Nilikuwa munganga wa mikroskopi katika hospitali ya Kabambare, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabeleji. Kazi yangu ilikuwa kutafuta wadudu wa damu: wale wa malaria wanaoletwa na mbu, wale wa ugonjwa wa usingizi wanaoletwa na mbung'o, na wale wa homa ya kimputu. Kimputu ni kupe wa nyumbani, ana rangi ya udongo na ngozi kama ya mzee. Mchana hulala katika nyufa za sakafu, watu wakilala ndipo anatoka kula. Wengine humwita papasi. Kwetu ni kimputu, na hakuna mtoto wa nyumba ya udongo asiyemjua.

Tulikuwa tunachoma kidole, tunadondosha tone kwenye kioo, tunalikoroga kwa kona ya kioo kingine, tunaliacha likauke, halafu tunalitia rangi ya zambarau. Likikauka tu, adui wa kwanza alikuwa mende. Mende wa Kabambare walipenda tone la damu kuliko mafuta ya mawese. Unaacha vioo vyako mezani asubuhi, unakwenda kumshika mgonjwa mkono, ukirudi vimelambwa vyeupe. Nikajifunza kuvitia ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, na ninyi mkikosa sanduku fanyeni hivyo hivyo.

Adui wa pili alikuwa uchafu. Mwenzetu mmoja, Salumu, mtu wa sauti kubwa, siku moja aliita hospitali nzima. Ameona nyoka wa bluu katika damu ya karani. Daktari akaja, akainama, akatazama kwa muda. Kisha akavuta uzi mmoja kutoka kwenye mkono wa sweta ya Salumu, akauweka kando ya ule wa kwanza. Walikuwa ndugu tumbo moja. Tangu siku hiyo Salumu aliitwa Nyoka wa Sufu, na nasikia hata wajukuu wake wanaitwa hivyo.

Daktari mwenyewe watu walimwita Bwana Kesho. Alikuwa Mbeleji mfupi, mwekundu usoni, na kioo kisipoonyesha kitu alisema, "Tutazame tena kesho." Alituita "wewe" sote kama watoto, hata baba yangu mwenye mvi alipokuja kunitembelea, na hilo sikulipenda wala sitalipenda. Lakini kazi aliijua na hakuificha. Ndiye aliyetufundisha kwamba wadudu wa kimputu hawakai damuni kila siku. Homa ikipanda wamejaa, homa ikishuka wanatoweka, halafu baada ya siku kadhaa wanarudi na homa inarudi nao. Tuliyasema hayo kwa kichwa kama watoto wa katekisimu, na kama watoto wa katekisimu hatukufikiri yanatuhusu nini.

Aliyenifundisha kufikiri ni Baba Ramazani. Huyu alikuwa mkubwa wetu, Mwislamu mpole, na ujana wake wote alikuwa amezunguka na misafara ya ugonjwa wa usingizi. Wakati ule watu walipangwa mstari mbele ya chifu, naye anapita akiwapapasa shingo nyuma, anatafuta tezi zilizovimba. Vidole vyake vilizoea mpaka akikusalimu sokoni mkono mmoja unakwenda kisogoni. Watu wakimwona wanainua kola. Alikuwa akiniambia shingo haina haya, mwenye haya ni mtu, basi ujue kwanza haya ya mtu iko wapi.

Sasa nikifika kwa dada yangu mtaelewa.

Mwayuma alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Sisi tulizaliwa karibu na Kasongo, kwenye nyumba za matofali za misheni. Baba alikuwa fundi seremala wa mapadri, sakafu yetu ilikuwa ya saruji, na kimputu tulimsikia kwa jina tu. Mwayuma aliolewa katika kijiji cha Wamaza na kijana mkulima, Amisi, mtu mwema asiye na maneno mengi. Walipendana, na jambo hilo liliudhi watu wengine. Mimba ya kwanza ikaharibika. Ya pili ikaharibika pia, ilikuwa kubwa, tukazika. Aliposhika ya tatu, wazee wa ukoo wa Amisi walikaa, wakasema: hii nayo ikienda, huyu mwanamke arudi kwao, tumbo lake limefungwa.

Dada akaja Kabambare. Amisi alimpakia nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwenye milima, akaipanda kwenye tambarare. Alifika ameoga, amejipaka mafuta, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Alinieleza kwamba mwili ulikuwa umewaka moto, kichwa kikapasuka, halafu ukapoa wenyewe. Nikachukua damu nikatazama, hakuna kitu. Bwana Kesho akatazama, hakuna kitu, akasema lile neno lake. Kesho yake pia hakuna kitu, wakarudi Wamaza.

Walikuja tena mwezi ule ule, hali ni hiyo hiyo: ameoga, anatabasamu, damu safi kama ya malaika. Nilitazama kile kioo mpaka machozi yakadondoka mezani. Salumu, ambaye alikuwa na deni nami maana mimi ndiye niliyempa lile jina la Nyoka wa Sufu, alisema kwa sauti kwamba munganga huyu anaona wadudu wa kila mtu ila wa dada yake. Watu wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo, nikasimama huko peke yangu. Niliogopa. Nilimlea yule mtoto mgongoni, na sasa nilikuwa na mikroskopi ya serikali mbele yangu na sikuwa na faida kwake.

Baba Ramazani akanifuata. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Dada yako alikuja vipi?"

"Kwa baiskeli, nyuma ya bwana yake."

"Na mutu mwenye homa ya kimputu, anaweza kukaa nyuma ya baiskeli?"

Nilikuwa nimewaona wagonjwa wale. Mtu mwenye homa ile hawezi hata kukaa juu ya mkeka.

"Basi homa haipandi baiskeli," akasema. "Ilibaki Wamaza. Wewe uko natafuta mutu kwa nyumba wakati ameshatoka."

Halafu akanieleza haya ya watu wa Wamaza iko wapi. Watu wa kule hawapeleki mgonjwa mwenye moto kwa mwingine. Ni kukosa adabu. Mtu anawaka, unamlaza ndani, unafunga mlango, unangoja apoe. Akipoa unamwogesha, unamvika nguo ya Jumapili au ya Ijumaa, ndipo unampeleka kwa munganga. Kwa hiyo kila mtu wa Wamaza aliyewahi kukaa kwenye benchi letu alikaa pale wadudu wakiwa wamejificha. Walitupa heshima, na heshima ile ndiyo iliyotufanya vipofu.

Nilikwenda kwa daktari mbio. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza, akapiga paja lake kwa kiganja, akasema mwenyewe: basi mikroskopi iende kwa homa. Akanipa ile ya zamani, ya shaba, isiyohitaji taa maana ina kioo kidogo chini cha kunasa jua. Akaniandikia karatasi ya ruhusa, kwa sababu wakati ule mtu mweusi hakutoka eneo lake bila karatasi. Akaomba nimletee kimputu wachache ndani ya chupa.

Sanduku la mikroskopi lilikuwa limevunjika bawaba. Nikaifunga kwa vitenge vya mke wangu, nikaibeba mgongoni kama mama anavyobeba mtoto, nikapanda baiskeli. Njia nzima wanawake wa mashambani waliniuliza mtoto anaumwa nini. Mmoja alinigombeza kwamba nimemfunika sana, atakosa hewa.

Wamaza nilipokelewa na mama mkwe wa dada yangu, Mama Feza. Ninyi mkisikia mama mkwe mnangoja mchawi. Ngojeni sana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima hodari wa mpunga, na alimpenda dada yangu. Alinichinjia kuku, akanipikia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese, akanipa kitanda cha kamba, kile kimoja cha nyumba nzima. Dada yangu alikuwa anatwanga, mzima kabisa. Alipojua nimekuja kungojea homa yake alicheka mpaka akashika mchi asianguke.

Kijiji hakikucheka. Siku zilipita, mimi nimekaa na chombo changu cha shaba, na watu wakaanza kuuliza ni kaka gani huyu anayemwombea dada yake homa. Nami, niwaambie kweli, niliiomba. Nikimaliza kuiomba naiogopa, maana tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana, na ile homa ndiyo iliyowaua wawili wa kwanza. Sijapata kuishi siku nyingine za namna ile, mtu unangoja kitu huku unakikimbia.

Katika kungoja huko niliona jambo. Kila jioni Mama Feza alimtandikia Mwayuma mkeka chini, kando ya mafiga, mahali penye nyufa nyingi. Nikasema, mjamzito angelala kitandani, mimi nilale chini. Mama Feza alinishangaa.

"Pale ndipo pazuri, mwanangu," akasema. "Huyu muke ni mugeni. Kimputu wa nyumba yetu hawajamujua. Sisi wote walitujua tangu utoto, hawatufanyi kitu. Mutoto wangu alipokwenda kutafuta dhahabu upande wa Salamabila, nilimufungia kimputu wetu kwa kona ya nguo, wamuume kule, wasimusahau. Na huyu lazima ajulikane, yeye na mutoto, ndipo nyumba itawapokea."

Kama ningecheka, ningekuwa mjinga. Kwa sababu mwanamke yule alikuwa anasema kweli nusu nzima. Waliozaliwa juu ya nyufa zile waliumwa tangu utotoni, miili yao ikazoea, homa ikija inapita kama mvua ndogo. Hata Bwana Kesho nilipomweleza baadaye alisema wazee hawa waliliona jambo lile kabla ya vitabu vyake. Ila nusu ya pili Mama Feza hakuijua: mtu wa sakafu ya saruji hajazoea, na akiwa na mimba, kuzoeshwa ni kuuawa. Alikuwa anamlaza mkwewe pale kwa upendo, kila mimba, ili mtoto apokelewe.

Na mimi ningesema nini? Ningemwambia mama aliyenichinjia kuku kwamba mkeka wake ndio umezika wajukuu? Bila ushahidi lingekuwa tusi, na angekuwa na haki ya kunifukuza. Nilitulia nikangoja.

Homa ikaja mchana, jua limesimama. Mwayuma alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini polepole, akasema meno yake yanagongana. Kabla sijafungua vitenge alikuwa ameshalala, mwili unaunguza. Nikashika sindano ya kidole. Mama Feza akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Hapana. Mutu wa moto haguswi damu. Ngoja apoe."

Nikamsihi. Nikamweleza. Hakusogea, na nyuma yake Amisi alikuwa anatazama ardhi, maana mtoto hampiti mama yake. Basi Mwayuma, aliyezoea kuniita yaya, yaani kaka mkubwa, akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Mama, muache yaya. Tukingoja nipoe, tutazika tena."

Mama Feza akamgeukia. Halafu akashusha mkono mmoja kutoka kwenye mwimo. Nafasi ilikuwa ndogo, nikapita kwa ubavu.

Sikungoja kukausha wala kutia rangi. Damu mbichi, tone dogo kati ya vioo viwili, chombo mlangoni, kile kioo cha chini nikakigeuzia jua. Sikilizeni vizuri hapa vijana, maana hili mkilijua mtanikumbuka: katika damu mbichi humtafuti mdudu kwanza, unatafuta fujo. Chembe za damu zimetulia, na ghafla moja inasukumwa, bila upepo, bila sababu. Unaikazia macho. Ndipo unamwona aliyeisukuma: uzi mwembamba uliojikunja kunja, unajinyonga, unapiga huku na huku, hautulii. Nilimwona mmoja, nikaona wa pili, nikaona wamejaa.

Nilipiga kelele. Nilirukaruka pale uani kama mtu aliyeshinda kesi, na dada yangu mgonjwa ndani. Watu wakajua nimerukwa na akili. Sioni haya hata leo. Siku zote zile adui alikuwa hana uso, na sasa nilikuwa nimemshika shingo.

Mama Feza akasema naye atazame. Nilimwonyesha jicho liwekwe wapi. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza hao ni nini. Nikamwambia hao ndio moto wenyewe. Akauliza wametoka wapi. Nikamwomba aniletee kimputu mmoja, achague mwenyewe.

Alikwenda kwenye ufa wa mahali pake pa kulala, si pa mwingine, akachokonoa kwa kijiti, akaja na mmoja mnene. Nikamkata ncha ya mguu, nikapata kijitone cha maji yake, nikakiweka kwenye kioo. Mungu si Athumani. Si kila kimputu anao wadudu, na yule angekuwa mtupu, sijui leo ningekuwa nawasimulia nini. Alikuwa nao. Nyuzi zile zile, ngoma ile ile.

Mama Feza aliinama akatazama. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umekauka.

"Ni wale wale," akasema.

Hakulia, wala hakuomba radhi, na mimi sikungoja radhi. Alitoka nje akaita wanaume kwa sauti ya kuita watu wa moto wa mbuga. Akawaamuru wafunge kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Mzee mmoja akasema, huyu si angojwe apoe, tutapeleka moto kwa watu? Akamjibu: "Moto ndio munganga anautaka. Beba."

Basi Wamaza wakaleta moto Kabambare. Wabebaji walipokezana, wakaimba, na Mama Feza alitangulia mbele akiwa na kanga kiunoni. Tulifika dada bado anawaka. Baba Ramazani alikuwa ameshatayarisha kioo. Bwana Kesho akainama kwenye mikroskopi, akanyanyuka, na mara hii akasema neno moja: "Leo." Hospitali yote ikacheka, hata yeye.

Dada akachomwa penisilini, dawa ambayo ilikuwa bado ngeni kwetu. Daktari alituonya: wadudu wakifa kwa pamoja mwili utatetemeka kuliko mwanzo. Ukatetemeka kweli. Mama Feza alimkumbatia kitandani, akamshika tumbo kwa mikono miwili kama anazuia chungu kisimwagike, mpaka jasho likamtoka na mwili ukatulia. Mtoto ndani akapiga teke. Mama Feza alilihisi kabla ya sisi wote, akacheka, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Dada yangu alibaki kwangu mpaka kujifungua. Katika muda huo benchi letu lilibadilika. Wamaza walianza kuleta watu wanaowaka, kwenye vipoyi, kwenye machela ya mikeka, bila kuoga, bila nguo za Ijumaa, na vioo vyetu vikaanza kusema. Tuliwaona, tukawatibu, wakarudi kwao kwa miguu. Salumu mwenyewe aliwaona wengi, na safari hii hawakutoka kwenye sweta.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzito, mwenye sauti ya bibi yake. Nilimsindikiza dada kurudi Wamaza. Amisi alikuwa ametengeneza kitanda kipya cha kamba, miguu mirefu, kila mguu umesimama mbali na ukuta. Nyumba ilijaa. Wale wazee waliosema tumbo limefungwa walikuwa wamekaa mbele kabisa, wanangoja kula.

Ndipo Mama Feza akampokea mtoto, akakunjua ule mkeka, akautandika kando ya mafiga, palepale penye nyufa. Wazee wakanyoosha shingo. Desturi ilikuwa mtoto mchanga alazwe pale siku ya kwanza, nyumba imjue, na wazee walikuwa wamekuja kuiona ikifanywa. Dada yangu akanitazama. Mimi nilikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu.

Mama Feza alitembea na mtoto mpaka kitandani, akamlaza katikati, akamfunika. Halafu akarudi, akajinyoosha mwenyewe juu ya mkeka, miguu yake mirefu ikielekea kwa wazee.

"Kimputu wa nyumba hii wananijua mimi, inatosha," akasema. "Yule pale juu watasikia tu sauti yake."